Mpiga Picha Aliyegeuzia Jukwaa Mgongo

Mtu akikodiwa kumpiga picha bibi harusi, akarudi na picha ya viatu vya wageni, ama amelewa ama ni Gaudens wa Theopista. Na Gaudens hanywi.

Huyu kijana, ingawa kumwita kijana ni kumsaidia maana upara umeshamfika utosini, alizaliwa Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, juu ya duka la mama yake la vyombo vya jumla. Theopista aliteremka kutoka Kibosho, Kilimanjaro, na sufuria moja, na leo hakuna harusi Dar inayoliwa bila sahani zake. Watu wanasema ana sahani nyingi kuliko walaji. Wanapunguza. Siku mzigo wake wa mwisho uliposhushwa, jengo zima liliinama upande wa sokoni, na sisi wapangaji wa juu tukalala tukiteleza mpaka maboksi yalipopungua. Asiyeamini aje atazame nyufa.

Kwa mwanamke wa namna hiyo, mtoto wa kiume ni mtu wa kaunta. Gaudens akaenda kununua kamera.

Kamera si dhambi. Kariakoo wapiga picha wapo tele na wengine wameshajenga Mbagala. Tatizo la Gaudens ni kwamba muziki ukianza tu, yeye hugeuka. Mwimbaji yuko mbele, jasho linamtiririka, shingo imemvimba kama mtu anayesukuma gari, watu wamesimama vitini, na Gaudens ameligeuzia jukwaa kisogo, anapiga picha wanaotazama. Ukimuuliza anakwambia kwamba jukwaani kila mtu amejipanga, hata anayelia amepanga kulia, na ukitaka kumwona binadamu umwone wakati amesahau kwamba ana uso. Ni maneno mazuri sana. Jaribu kuyanunulia mchele.

Jirani yake Ranjanben, mwenye duka la vitambaa, aliwahi kumwamini. Wakati wa Navaratri, Wahindu wa Kisutu wanapocheza ile ngoma yao ya fimbo, alimtuma ampige picha bintiye Kajal, aliyeshonewa sketi yenye vioo vingi hata ukimtazama yeye unajiona wewe. Gaudens akaenda. Akarudi na picha ya mlima wa kandambili mlangoni, na mume wa Ranjanben, mzee Lalit, aliyewekwa kuzilinda, amelala fofofo amekumbatia kiatu kimoja cha kike. Ranjanben alinuna siku kadhaa, hata salamu hakuitikia. Kisha akaitundika ile picha juu ya meza yake ya mauzo. Wateja wakiingia wanacheka, wakicheka wanakaa, wakikaa wananunua. Bado anasema Gaudens ni mjinga.

Nyuma ya duka la mama yake, kati ya maboksi ya vikombe, Gaudens alikuwa na kikona chake. Mashine ya kuchapia, kigoda, na kamba iliyotoka ukuta hadi ukuta, picha zimebanwa kwa vibanio vya nguo. Baada ya dansi la Buguruni au taarabu ya Magomeni, watu walikuwa wanapita kujitafuta. Kulikuwa na mama anayemwangalia mwimbaji kwa machozi huku mkono wake unaingiza paja la kuku kwenye pochi. Kulikuwa na shangazi aliyevaa gauni la kumeremeta na chini ya meza malapa ya chooni. Kulikuwa na bwana mmoja, jina namwachia mkewe, ambaye wiki hiyo alikuwa msibani Korogwe na huku kwenye picha anacheza na shati limefunguka hadi kitovuni. Wengi walinunua picha zao ili mwingine asizione, na hao ndio waliokuwa wateja wake wakubwa.

Basi dada yake Brightness akachumbiwa na familia ya Rombo, na ikafika siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti. Jambo kubwa la siku ile ni ndafu. Mbuzi mzima anachomwa, anavalishwa majani mdomoni kama vile alifia malishoni kwa hiari yake, anaingizwa kwa ngoma, na binti anamkabidhi kwa wakwe. Katika ukoo wa bwana harusi wana sheria yao: kipande cha kwanza lazima kipokelewe na mjomba mkubwa, mkononi, akiwa amesimama. Akipokea mwingine ni sawa na kumwambia mjomba kwamba ameshakufa, ila hajaarifiwa.

Theopista alimwita mwanawe mbele ya wateja, kusudi wawe mashahidi.

"Gaude, baba, nisikilize. Ndafu ikikabidhiwa, nataka nimwone mbuzi, nimwone dada yako, nimwone anayepokea. Sitaki viatu. Sitaki usingizi wa mtu. Ukiniletea migongo, kamera naiuza, hicho kikona naweka makarai, na wewe unakaa kaunta."

"Sawa, mama."

"Apa."

"Mama, hata kanisani hawanibani hivi."

"Kanisani hawana makarai yanayotafuta pa kukaa."

Akaapa. Na aliapa kwa moyo mweupe, tumwonee huruma.

Sendofu ilifanyika Magomeni, Jumapili mchana, maana jioni ukumbi ulishachukuliwa na watu waliowahi. Kamati ikafunga mapazia yote ionekane ni jioni, tukakaa humo na sare zetu za kitenge tunaiva taratibu pamoja na mbuzi. Mimi nilikaa meza ya karibu na jikoni, kwa sababu zangu.

Walikodi matarumbeta. Nimesikia matarumbeta mengi, lakini yale, walipopuliza mara ya kwanza, pazia lilijifungua lenyewe na nywele za bandia za mama mmoja zikahama meza. Mpiga ngoma kubwa, aliyefichwa nyuma ya spika, alikuwa Shaibu wa Buguruni, mtu wa miraba minne, aliyekuwa ameshapiga kwenye harusi nyingine tangu asubuhi bila kukaa.

Mjomba mkubwa ndiye mzee Kasmir. Alikuwa ameshuka kutoka Rombo usiku wa kuamkia siku ile, upande wa kwetu hakuna aliyemjua kwa sura. Tulijua sifa tu. Tuliambiwa hajawahi kuonekana akicheka, na kwamba huko kwao mbuzi wakimwona wanajipanga mstari. Kamati ikaona isihangaike. Ikamwekea kiti mbele, kikafungwa utepe mwekundu, na mshereheshaji, mtu wa Tanga aliyekuwa anaifahamu ndafu kwa harufu tu, akaambiwa: atakayekuwa kwenye kiti cha utepe ndiye mjomba.

Saa ya ndafu ikafika. Gaudens alisimama mbele kabisa, kamera iko usoni, miguu ameitanua. Theopista alikuwa akimtazama yeye badala ya mbuzi. Brightness akaja anacheza na sinia, taratibu, kisu mkononi. Simu zote za ukumbi zikapanda juu, na kila simu ikarekodi simu iliyo mbele yake. Mshereheshaji akaita mjomba asimame. Mjomba akasimama, mkubwa, mabega mapana, koti limembana. Brightness akapiga goti.

Wakati huohuo ngoma kubwa, kule nyuma ya spika, ikabadilika.

Kila mtu aliisikia. Ilikuwa inapigwa kama kazi, ikatulia kidogo, ghafla ikaanza kupigwa kama mtu anadai kitu chake. Hata mapaja ya kuku yalitikisika kwenye pochi. Shingo ya Gaudens ikaanza kugeuka. Namwambia mtu yeyote aliyekuwapo atoe ushahidi: kijana alipigana nayo. Aliirudisha mbele mara ya kwanza. Kisha mwili ukaifuata shingo, na miguu ikaufuata mwili, na dada yake anatoa kipande cha kwanza, na kaka mtu yuko nyuma ya spika, amepiga magoti kwenye nyaya, anabofya.

Theopista hakupiga kelele. Alimwita mtu wa kamati akamuuliza makarai makubwa yanahitaji nafasi kiasi gani.

Jumatatu kukatokea la pili. Wakwe wa kule hawagombani ukumbini. Hula, hushukuru, hucheza kidogo, na hasira wanaifungasha kwenda nayo nyumbani pamoja na masalia. Mshenga wao, Ansbert, mwanaume mpole anayeongea kama amebeba mayai, akaleta ujumbe dukani: aliyepokea kipande cha kwanza si mzee Kasmir. Ni mpiga ngoma. Mzee alikuwepo ukumbini, amekaa nyuma kidogo, anasubiri kwa heshima kuitwa, na alishuhudia kwa macho yake nyama yake ikiliwa na mtu wa matarumbeta. Kwa hiyo ndafu irudiwe, mbele ya wazee, pamoja na maneno ya kuomba radhi. La sivyo, harusi isimame.

Shaibu alipigiwa simu. Akasema yeye alikaa kwenye kiti kilichokuwa wazi, akaambiwa asimame akasimama, akapewa nyama akala, na kama kuna kosa hapo waliosoma wamwonyeshe. Akaulizwa nani alikuwa kwenye ngoma. Akasema mtandao unakatika.

Brightness alilia kwenye maboksi ya glasi mpaka glasi zikaanza kuitikia. Theopista akafungua kikona cha mwanawe, akaanza kutoa vitu na kuingiza makarai. Gaudens hakujitetea. Alisema tu kwamba zile picha za kwenye kamba zilikuwa bado mbichi, amwachie hadi zikauke, na mama yake akamjibu kwamba zitakaukia kaunta, huko kuna feni.

Ansbert alikuwa anasubiri majibu ampelekee mzee. Akasimama kupisha karai, akajikuta uso kwa uso na kamba ya picha. Akavua miwani. Akaivaa tena.

"Mama Theopista," akasema, "huyu mzee mmemtoa wapi?"

Ilikuwa picha ile ya nyuma ya spika. Mzee wa miaka sabini na kitu, peku, soksi zimeingizwa mfukoni mwa koti, tai iko mgongoni. Ngoma ya Shaibu iko tumboni kwake. Mikono yote miwili iko juu, macho kayafumba, mdomo wazi wote, meno machache yaliyobaki yanashangilia kwa niaba ya yaliyoondoka. Gaudens akasema hamjui. Alifikiri ni mtu wa matarumbeta.

Ansbert akakaa juu ya boksi la vikombe, na vikombe vikavunjika, na hakujali. Alicheka hadi ule ushenga wote ukamtoka. Ndiye mzee Kasmir. Kumbe mzee alikuwa ameomba ngoma kidogo tu, na Shaibu, aliyekuwa hajakaa tangu asubuhi, akampa na kukimbilia kiti cha kwanza alichokiona. Mzee hakusikia jina lake likiitwa kwa sababu kelele ilikuwa yake mwenyewe.

Theopista aliishika ile picha kama mtu aliyeokota bunduki. Mtu mwingine angepiga simu Rombo kumwumbua mzee. Yeye akamwamuru Gaudens aichape kubwa, akaitia fremu, akaifunga kwa karatasi ya zawadi yenye maua. Ansbert akamwonya kwamba mzee ni mtu wa heshima zake.

"Mimi napeleka zawadi," Theopista akasema. "Kumpa mkwe zawadi mbele ya wazee ni kosa?"

Wakavuka kwa kivuko pale Magogoni kwenda Kigamboni, alikofikia mzee, Theopista amepakata mzigo wake na sura ya mtakatifu. Mzee Kasmir alikuwa amekaa sebuleni na koti zito kwenye joto lile, wazee wenzake wamemzunguka, tayari kuombwa radhi. Theopista akapiga goti, akampa. Alijipanga pembeni mahali anapoweza kuuona uso vizuri.

Mzee akafungua karatasi. Akaona. Akaifunika picha kifuani. Wazee wakavuta shingo, akawatazama, shingo zikarudi. Akaifunua tena kidogo, akachungulia, kama mtu anayetazama karata zake.

"Nani amepiga hii?"

"Ni mimi, mzee," Gaudens akasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mzee."

"Nacheka."

"Unacheka, mzee."

Mzee akaichungulia tena na tena, hadi Theopista akaanza kuogopa silaha yake mwenyewe. Kisha akamwita mkewe kutoka jikoni, akamwonyesha. Akawaonyesha na wazee, mmoja mmoja, hakumruka mtu. Akawaambia kwamba nyumbani ana picha nyingi, za ubatizo, za mazishi, za kupokea maaskofu, na kwenye zote anafanana na mtu aliyekamatwa. Aliwaambia kwamba ujanani alipiga ngoma kwenye bendi ya parokia, akaiacha siku alipofanywa mzee wa ukoo kwa sababu mikono ya mjomba mkubwa inatakiwa itulie. Na kuhusu nyama akatoa hukumu papo hapo.

"Yule bwana kala kwa haki. Alinifanyia kazi yangu, ya kukaa. Mimi nikamfanyia yake."

Harusi ikaruhusiwa. Mzee akataka nakala nyingine, iwe na ukubwa wa mlango. Theopista alirudi amenuna njia nzima, maana hakuna kinachoudhi kama kumtishia mtu na yeye akashukuru.

Kikona hakukirudisha, lakini wala hakukifunga. Alimwambia Gaudens kwamba picha ya migongo imemsaidia kwa bahati, na bahati haijengi nyumba Mbagala. Ahadi iko palepale, ihamie kwenye harusi yenyewe: jukwaa, bibi harusi, uso. Makarai yakawekwa kwenye ngazi, kwa muda, yasubiri.

Lakini ile picha ya mzee ilikuwa imeshatembea. Ilipanda mabasi ya Moshi, ikashuka, ikazunguka Kariakoo nzima kwenye simu za watu. Sasa kila mtu alitaka naye akamatwe amejisahau. Siku ya harusi watu walikuja wamejiandaa. Walijisahau kwa ufundi mkubwa. Mama mmoja alishika paja la kuku nusu ya safari kati ya sahani na pochi, akalishikilia hapo kuanzia supu hadi keki. Mabwana walisinzia kwa jicho moja, wakilifungua kila walipodhani Gaudens amepita. Meza ya wajomba ilicheka bila kuambiwa kitu, ikapumzika, ikacheka tena. Hata Ranjanben, mwenye akili zake, alivua kiatu akakiweka mahali kinapoonekana. Ukumbi mzima ulikuwa umekaa upande, uso kwa Gaudens, bega kwa maharusi. Matarumbeta yalipuliza kwa bidii yao yote na hakuna aliyegeuka.

Gaudens akazunguka na kamera yake chini, kama mtu aliyekwenda sokoni akakuta maboksi ya maonyesho, ndani hamna kitu. Nilimwona akisimama katikati ya ukumbi, amechoka. Kisha, kwa kuwa hakukuwa na pengine pa kutazama, akageuka.

Jukwaani Brightness alikuwa amevua viatu. Shela alikuwa ameifunga nyuma kama mwanamke anayeosha vyombo, shavu moja limejaa, na mumewe anamshikia sahani chini ya meza ili kamati isiione. Walikuwa wanacheka kitu chao wawili, hadi leo hatujui ni nini. Ukumbi una watu chungu nzima na hakuna hata mmoja aliyekuwa anawaangalia.

Akabofya.

Kesho yake Theopista aliipokea ile picha kaunta, akaitazama kama anavyotazama sahani, akitafuta ufa.

"Hili ndilo jukwaa?"

"Ndilo, mama."

"Uliligeukia mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Shavu limejaa."

"Alikuwa na njaa, mama. Tangu asubuhi hakuna aliyekumbuka kumpa chakula."

Theopista akaitazama tena. Akatazama kule nyuma, kwenye kikona, kamba ikiwa tupu. Hakusema amekosea, maana neno hilo Kibosho hakushuka nalo. Alipanda kigoda, akaitundika juu ya kaunta, pale alipokuwa amepanga kumweka mwanawe, na mteja wa kwanza alipouliza huyo anayetafuna ni nani, akamjibu kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kwamba ni bintiye, na amepigwa picha na mpiga picha wa familia.

Makarai yako kwenye ngazi mpaka leo. Tunayaruka.